JAMBAZI ALIYEWACHOTEA WAZEE MAJI

Kijana, karatasi hii umepewa bure, usiende kufungia maandazi. Kaa chini dakika chache tu usome habari za mtu mmoja aliyekuwa mbaya kuliko wewe. Ndiyo, kuliko wewe! Hata kama mtaani kwenu wanakuita mkorofi, hata kama mama yako amekulilia mpaka machozi yamekauka, huyu bwana alikupita mbali sana.

Aliitwa Musa. Siyo yule Musa wa Bahari ya Shamu, hapana. Huyu alizaliwa miaka zaidi ya mia tatu baada ya Bwana Yesu, akaishi Misri. Watu walimwita Musa Mwethiopia, wengine Musa Mweusi, kwa sababu alikuwa Mwafrika mweusi tii, mrefu, mwenye nguvu za kutisha. Habari zake aliziandika mtu mmoja jina lake Palladius, ambaye mwenyewe alikaa na watu wa Mungu kule jangwani Misri kwenye miaka ya 390, akatoa kitabu mwaka 420 hivi. Habari nyingine zilisimuliwa na wazee wa jangwani wenyewe, mmoja akimwambia mwenzake, mpaka zikaandikwa. Kwa hiyo sikuletei hadithi ya sungura na fisi. Huyu ni mtu aliyekuwepo.

Musa alikuwa mtumishi katika nyumba ya mkubwa mmoja wa serikali. Alikuwa na tabia mbaya na mkono mwepesi, vitu vikipotea ni yeye. Yule mkubwa akachoka, akamfukuza. Tena walisema alikuwa ameshafika hata kumwaga damu ya mtu. Basi, mtu amefukuzwa, hana kazi, hana ndugu wa karibu, ana mikono yenye nguvu na moyo wenye hasira. Atakwenda wapi? Wewe unajua atakwenda wapi. Alikwenda kwa wenzake wa namna hiyo hiyo, na kwa kuwa aliwazidi wote nguvu, wakamfanya mkubwa wao. Akawa kiongozi wa genge la majambazi.

Sasa sikia kisa kimoja, ujue alikuwa mtu wa namna gani.

Siku moja usiku Musa alikuwa anakwenda kufanya uhalifu mahali fulani. Mchungaji mmoja wa kondoo alikuwa karibu na pale na mbwa wake. Mbwa wakabweka. Mpango wa Musa ukaharibika. Ni hivyo tu, mbwa kubweka! Lakini Musa hakusahau. Akaapa atamuua yule mchungaji. Akauliza akaambiwa kwamba anachunga ng'ambo ya mto Naili. Na mto wakati ule ulikuwa umefurika, upana wake kama maili moja. Wewe ungesema, aa, bwana, yaishe. Musa akavua nguo akazifunga kichwani, akauma upanga kwa meno, akaingia majini, akaogelea mpaka ng'ambo.

Yule mchungaji alimwona anakuja. Akajifukia mchangani, akanusurika. Musa akamtafuta akamkosa. Akachagua kondoo dume wanne walionona, akawachinja, akawafunga kwa kamba, akaogelea tena kurudi huku anawakokota. Akawachuna, akala nyama iliyo nzuri, ngozi akaziuza akanunua mvinyo. Palladius anasema alikunywa vipimo 18. Halafu, na mvinyo wote ule tumboni, akatembea maili 50, yaani zaidi ya kilomita 70, kurudi kwa genge lake.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara najiuliza jambo lile lile. Nguvu zote zile! Kuvuka Naili mara mbili, kwa sababu ya kubweka kwa mbwa. Mtu akiwa na nguvu kama zile na hana pa kuzipeleka, ni hatari kwake na kwa jirani zake. Wapo vijana wengi vijiweni wako hivyo. Watu wanasema ni wavivu, lakini siyo wavivu hata kidogo. Usiku wanaweza kuruka ukuta wa futi kumi wenye vipande vya chupa juu.

AKAINGIA JANGWANI

Ilikuwaje akaokoka? Palladius anaeleza kwa maneno machache tu, kwamba lilimtokea jambo fulani likamchoma moyo, tena akiwa ameshachelewa, akiwa mtu mzima. Hakuna mkutano mkubwa na vipaza sauti. Aliuchoka ule mzigo, akaenda kwa watu wa Mungu kule jangwani, akatubu akitaja maovu yake yote.

Mahali alipokwenda paliitwa Scetis. Leo panaitwa Wadi El Natrun, bonde lililo jangwani upande wa magharibi wa mto Naili, kati ya Kairo na Aleksandria. Ni bonde lililozama chini ya usawa wa bahari. Lina maziwa ya magadi, na magadi hayo ndiyo Wamisri wa kale waliyotumia kukaushia maiti za wafalme. Joto mchana, baridi usiku, mchanga kila upande. Mnamo mwaka 330 alifika hapo mtu mmoja aitwaye Macarius, akajenga kijumba akae na Mungu peke yake. Lakini peke yake hakukaa. Watu wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka bonde lote likawa na vijumba vya wanaume wanaofunga na kuomba.

Maisha yao yalikuwa hivi. Kila mtu katika kijumba chake, au wawili watatu pamoja. Mchana wanasuka vikapu, mikeka na kamba kwa makuti ya mitende huku wanaomba. Kazi hiyo ilikuwa inauzwa, na pesa ndiyo mkate, na mkate mwingine ulikuwa ni wa maskini. Wakati wa mavuno wengine walishuka bonde la Naili kuvuna ngano za watu kwa ujira. Jumamosi na Jumapili wote walikusanyika kanisani. Chakula chao mkate mkavu na chumvi. Walokole wa siku hizi hatuendi kukaa namna ile maisha yote, na mimi sikuambii uende. Lakini wale watu hawakuwa na mchezo na Mungu.

Sasa fikiri jambazi mashuhuri amefika mahali kama pale. Wazee wanamtazama. Ile mikono imeua. Wengine wangesema labda amejificha tu, anakimbia serikali. Lakini walimpokea, wakampa kijumba.

Siku moja wezi wanne wakavamia kijumba kile. Hawakujua nani anaishi mle, walidhani ni mtawa mmoja mdhaifu aliyekonda kwa kufunga. Maskini wezi! Musa aliwakamata wote wanne, akawafunga kamba, akawabeba mgongoni kama gunia la majani makavu, akawapeleka mpaka kanisani. Akawatua mbele ya ndugu. Akawaeleza kwamba yeye sasa haruhusiwi kumdhuru mtu yeyote, hivyo wenyewe waseme afanye nini na hawa. Wale wezi waliposikia kwamba aliyewabeba ni Musa, yule Musa wa genge, aliyejulikana kila mahali, wakatetemeka. Wakasema mioyoni mwao kwamba kama mtu huyu amemwachia Mungu maisha yake, wao wanangoja nini? Wakatubu, wakabaki kule kule.

Habari hiyo inafurahisha na ukiihubiri watu wanapiga makofi. Lakini inayofuata haipigiwi makofi sana, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike karatasi hii.

VITA YA USIKU

Musa alikuwa ameacha wizi. Ameacha kuua, ameacha mvinyo. Ila tamaa ya mwili haikumwacha. Usiku akilala zilimjia ndoto chafu, maisha yale ya zamani yote yanarudi, wanawake, ulevi. Anaamka amelowa jasho, amejaa aibu. Anafunga, zinarudi. Anaomba, zinarudi. Palladius hafichi, anasema Musa aliungua kwa tamaa hiyo mpaka alikaribia kuacha kila kitu na kurudi alikotoka.

Kijana, mimi naijua hali hiyo na wewe unaijua. Wapo wahubiri watakaokuambia ukiinua mkono leo, kesho hutajaribiwa tena. Huo siyo ukweli, na wengi wameacha wokovu kwa sababu ya uongo huo. Walidhani kujaribiwa ni ishara kwamba hawajaokoka.

Musa hakunyamaza na aibu yake. Alikwenda kwa mzee mmoja, kasisi wa pale Scetis, jina lake Isidore, akamwambia kila kitu. Isidore hakumcheka wala hakumfukuza. Akamwambia haya ni mambo ya mwanzo, na akamweleza kwa mfano. Mbwa aliyezoea kutafuna mifupa dukani kwa muuza nyama haachi kwa siku moja, lakini duka likifungwa na hakuna anayempa kitu, njaa itamfanya aondoke mwenyewe. Musa akarudi, akafunga zaidi, akafanya kazi zaidi. Bado.

Wazee husimulia kwamba siku nyingine alirudi kwa Isidore akasema hawezi tena. Mzee akampandisha juu ya paa, akamwambia atazame upande wa magharibi. Musa akaona jeshi la pepo wabaya wamejaa, wanapiga kelele wakitaka vita. Akamwambia ageuke mashariki. Akaona jeshi la malaika watakatifu wasiohesabika, wanang'aa. Isidore akamwonyesha kwamba walio upande wao ni wengi kuliko wale. Ilikuwa kama Elisha na mtumishi wake, yule kijana aliyefunguliwa macho akaona mlima umejaa farasi na magari ya moto. Musa akatiwa moyo, akarudi kijumbani kwake.

Akamwendea mzee mwingine, naye akamshauri akeshe. Musa akafanya hivyo miaka sita. Usiku kucha anasimama katikati ya kijumba chake, anaomba, hataki kufumba macho. Miaka sita! Na bado tamaa haikumtoka.

Hapo ndipo alipoanza jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

MITUNGI YA WAZEE

Pale jangwani maji yalikuwa mbali. Kisima hakikuwa mlangoni. Kuna ambao maji yao yalikuwa umbali wa nusu maili, wengine maili mbili, na wengine maili tano, yaani zaidi ya kilomita saba kwenda tu, na kurudi ni hivyo hivyo na mtungi umejaa. Kijana anaweza. Lakini katika vijumba vile walikuwemo wazee waliokonda kwa kufunga miaka mingi, migongo imepinda, miguu haina nguvu. Kwa mzee wa namna hiyo mtungi mmoja wa maji ni safari ya siku nzima.

Musa alianza kutoka usiku. Giza likishaingia anapita kwenye vijumba vya wazee, kimya kimya, wao wenyewe hawajui. Anachukua mtungi wa kila mmoja, anaupeleka kisimani, anaujaza, anaurudisha mahali pake. Halafu anakwenda kwa mwingine. Usiku mzima. Asubuhi mzee anafungua mlango anakuta mtungi umejaa, na hajui ni nani.

Hebu tazama jambo hili vizuri. Ni mtu yule yule, na miguu ni ile ile iliyotembea maili 50 ikiwa imelewa. Usiku ni ule ule aliokuwa akiutumia kunyemelea mali za watu. Zamani alikuja gizani kuchukua, sasa anakuja gizani kujaza. Zamani alibeba upanga kwa meno na kondoo wanne wa wizi, sasa amebeba mtungi wa babu asiyeweza kutembea. Mungu hakumnyang'anya nguvu zake wala hakumwambia azifukie mchangani. Alizipa kazi.

Na tena halipwi. Hakuna anayemtuma wala anayemwandika daftarini.

Hapa naomba niseme habari yangu kidogo. Nilipokuwa kwenye kozi ya Biblia palikuwa na kongamano la vijana, nikapangiwa kusaidia kubeba maji ya jikoni. Nilinung'unika sana. Niliona nimeitwa kuhubiri, siyo kubeba ndoo. Na nilipobeba, nilikuwa nazunguka makusudi njia ya mbele ya hema walikokaa wachungaji, ili wanione jinsi ninavyojitoa. Njia ya nyuma ilikuwa fupi zaidi. Nilipokuja kusoma habari za Musa na mitungi yake ya usiku, nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Basi, usiku mmoja Musa alikuwa ameinama kisimani anachota. Palladius anasema shetani alishindwa kuvumilia, akampiga kiunoni kwa rungu, kipigo kikubwa, akamwacha pale kama maiti. Hakujua aliyempiga ni nani. Kesho yake mtu mmoja alikuja kuchota maji akamkuta amelala kando ya kisima. Akakimbia kumwambia Isidore. Wakaja na wengine wakambeba, wakampeleka kanisani. Aliugua mwaka mzima, ndipo mwili na moyo vikaanza kurudiwa na nguvu.

Unaona? Alikuwa anafanya kazi njema, akapigwa. Sitaki kukudanganya kwamba ukianza kusaidia watu basi mambo yako yatanyooka kesho.

Isidore akamwambia aache sasa kugombana na pepo kwa nguvu zake, maana hata ushujaa una kipimo. Musa akajibu hataacha mpaka zile ndoto ziache. Yule mzee akamtangazia kwamba kwa jina la Yesu Kristo ndoto zake zimekwisha, aje ashiriki meza ya Bwana kwa ujasiri. Akamweleza kwamba aliachwa ateseke hivyo ili asije akajivuna akadhani ameshinda tamaa kwa uhodari wake mwenyewe. Musa akarudi kijumbani. Baada ya muda Isidore akamuuliza hali, akasema hasumbuliwi tena na lolote.

Miaka ya kufunga, miaka sita ya kukesha, mitungi sijui mangapi, mwaka wa ugonjwa, halafu neno moja la mzee kwa jina la Yesu. Haleluya! Wengine watauliza kipi kilichomponya. Mimi naona Mungu alikuwa anamponya muda wote, na siku ile ndipo Musa alipojua.

AKAWA BABA WA WENGI

Baada ya hapo jina lake likaenea. Watu walikuja kutoka mbali kumwona. Hata mkubwa mmoja wa serikali alifunga safari kwenda Scetis. Musa aliposikia akakimbilia kwenye majani ya ziwani, na njiani akakutana uso kwa uso na msafara wenyewe. Wakamuuliza kijumba cha Musa kiko wapi. Akawaambia wanamtakia nini, yule ni mjinga tu. Wale wakaenda kanisani wakalalamika kwamba wamesikia sifa nyingi, lakini njiani wamekutana na mzee mrefu, mweusi, mwenye nguo chakavu, akawaambia Musa ni mjinga. Ndugu wakacheka, wakawaambia mzee huyo ndiye Musa. Yule mkubwa akaondoka ameguswa sana moyoni.

Wageni wa kawaida hakuwakimbia. Wiki moja wazee walikuwa wametangaza watu wote wafunge. Wakatokea wageni kutoka bonde la Naili, wamechoka, wana njaa. Musa akawasha moto akawapikia. Majirani wakaona moshi. Unajua majirani! Wakaenda kushtaki kwamba Musa amevunja amri ya wazee. Jumamosi ilipofika, wazee wakamsifu mbele ya wote, kwamba amevunja amri ya watu ili aishike amri ya Mungu ya kumkaribisha mgeni.

Tena kuna habari ya maji. Musa alikuwa amehamia mahali pakavu zaidi paitwapo Petra, humo humo nyikani. Wageni wakaja. Alikuwa na kichupa kimoja cha maji, akakitumia chote kuwapikia dengu. Maji yakaisha. Wageni wakamwona anatoka nje, anaingia ndani, anatoka tena, anaingia tena, kama mtu aliyepoteza kitu. Ghafla wingu likaja, mvua ikanyesha, akajaza vyombo vyote. Baadaye wakamuuliza alikuwa anatoka kufanya nini. Akasema alikuwa anahojiana na Mungu, kwamba yeye ndiye aliyemleta pale, na sasa watumishi wake hawana maji ya kunywa. Mimi napenda sana maombi ya namna hiyo. Mtu aliyewachotea wenzake maji ana ujasiri wa kumdai Mungu mvua.

Siku nyingine ndugu mmoja kijana alikamatwa amefanya kosa. Wazee wakaitisha kikao cha kumhukumu. Musa akaitwa, hakwenda. Wakamtuma mtu kusema kwamba wote wanamngoja. Ndipo akainuka, akachukua mtungi uliovuja, akaujaza maji, akaubeba mgongoni, akaenda. Wakatoka kumlaki wakaona maji yanachuruzika nyuma yake njia nzima. Wakamuuliza ni nini hiki. Akawaeleza kwamba dhambi zake mwenyewe zinamwagika nyuma yake namna hiyo na yeye hazioni, na leo ati amekuja kuhukumu makosa ya mwingine. Kikao kikafa pale pale. Yule ndugu wakamsamehe.

Liko jambo moja ambalo mimi linaniuma mpaka leo nikilisoma. Walipomtawaza kuwa kasisi wakamvika vazi jeupe, na askofu mkuu akafanya utani kwamba sasa Musa amekuwa mweupe wote. Musa akauliza kama ni nje tu, au na ndani pia. Halafu wakataka kumjaribu kama ana unyenyekevu. Askofu akawaambia makasisi wamfukuze akiingia madhabahuni, na wakamfukuza kwa kumtukania rangi yake. Musa akatoka bila kujibu, akijisemea mwenyewe kwamba anastahili. Wahubiri wengi wanaisifu habari hii kwa ajili ya unyenyekevu wa Musa. Ni kweli, alikuwa mnyenyekevu. Lakini mimi nasema wale waliomtukana walikosea, hata kama walikuwa watu wa Mungu. Na mara nyingine, kwenye kikao, walipomdharau kwa Uethiopia wake akanyamaza, aliulizwa baadaye kama hakuumia. Akakiri kwamba moyo wake ulitikisika, ila hakutoa neno. Kwa hiyo aliumia. Hakuwa jiwe.

UPANGA

Mwaka 407 hivi Musa alikuwa mzee wa miaka 75. Kulikuwa na makabila ya jangwani yaliyoitwa Mazices, yaliyokuwa yanavamia na kuua. Siku moja Musa, akiwa amekaa na ndugu, akawaambia kwamba wavamizi wanakuja Scetis leo, waondoke wakimbie. Wakamuuliza, na wewe baba, hukimbii? Akawaambia kwamba siku hii ameingoja miaka mingi, ili litimie neno la Bwana Yesu juu ya wote washikao upanga. Hakusahau, kijana. Alikuwa amesamehewa kabisa, na alilijua hilo, lakini wale aliowaua zamani hakuwasahau.

Ndugu wakasema hawakimbii, watakufa naye. Akawaambia hilo si lake, kila mtu aamue mwenyewe. Walikuwa saba. Baadaye akawaambia wavamizi wako mlangoni. Wakaingia.

Yule mwanamume aliyewahi kubeba wezi wanne mgongoni hakuinua mkono. Waliuawa. Mmoja kati ya wale ndugu alikuwa amejificha nyuma ya rundo la kamba, zile kamba walizokuwa wakisuka, na inasimuliwa kwamba aliona mataji yakishuka kutoka juu kuwavika wenzake.

Musa aliacha wanafunzi wapatao 70. Wakristo wa Misri wanamkumbuka kila mwaka tarehe 1 Julai. Mifupa yake iko mpaka leo huko Wadi El Natrun, katika monasteri iitwayo Baramus, pamoja na ya Isidore, yule mzee aliyempandisha juu ya paa.